Uchungu wa Siku Mbili na Nusu

Wengine huanza na mgongo wa shati kwa sababu mgongo ni mpana na unatia moyo. Yeye alisema anayeanza na mgongo anatafuta sifa. Shati huanza na kola, upande wa ndani kwanza, kutoka nchani kwenda katikati. Ukienda kinyume unausukuma mkunjo mpaka ncha ya kola, na hapo ndipo macho ya watu yanapotua. Baada ya kola, mabega. Baada ya mabega, mikono, kisha vifua viwili, na mgongo mwisho kabisa, kwa mkono unaoanza kuchoka, maana mgongo hauna aibu. Kola zake zilisimama zenyewe, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbele ya watu. Ndiyo maana wenzake pale kwenye kampuni ya ufuaji walimwita Mama Kola, na jina likamganda hata nyumbani.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya kubebea mzigo na macho ya kuona doa kabla mwenye shati hajalikumbuka. Miaka kumi na tisa alinyoosha nguo za watu ambao hakuwahi kuwaona. Aliwajua kwa makwapa yao. Huyu anajipaka marashi mengi, ana la kuficha. Huyu anakula amesimama. Huyu mkewe amerudi, vifungo vimekamilika.

Mashine ya kunyooshea kwa mvuke ilikuwa na vitufe viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, na aliyeitengeneza hakuwa mjinga. Kifuniko cha chuma hakishuki mpaka vitufe vyote viwili vibonyezwe kwa pamoja, maana mkono ulio juu ya kitufe hauwezi tena kuwa chini ya chuma. Msimamizi aliona uangalifu huo unachelewesha kazi. Siku moja akaja na utepe mweusi, akakibana kitufe cha kulia kikakaa kimebonyea mchana kutwa, ili mkono wa kushoto ubonyeze peke yake na wa kulia uendelee kulaza kitambaa. Wafanyakazi walilalamika siku mbili, siku ya tatu wakazoea. Binadamu huzoea hata kisichozoeleka.

Basi shati la mia tatu na ngapi sijui, mkono wa kushoto ukawahi, wa kulia ukachelewa.

Hakupiga kelele. Alisema "zimeni" kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Walioambiwa wazime walifikiri anazungumzia redio. Mpaka walipogeuka na kuona, na mmoja wao akaanguka, Mama Kola ndiye aliyekuwa akielekeza watu kipi kizimwe kwanza.

Nimeanza hapo kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na ile sauti ya kuomba chumvi. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto saba, na mama yao alikuwa mgonjwa wa kudumu. Mtoto wa kwanza katika nyumba ya namna hiyo akilia, sita wanalia nyuma yake. Akajifunza kujikaza kisabuni, kama wasemavyo, akajifunza vizuri mno. Alipokuwa mtu mzima, hata mumewe hakuwahi kuliona chozi lake isipokuwa la kitunguu.

Mume huyo alikuwa fundi wa mabegi na zipu, mwenye kibanda cha mbao kando ya stendi. Na yeye watu walimwita Zipu. Wengine walisema ni kwa ajili ya kazi yake. Waliomjua zaidi walisema ni kwa ajili ya mdomo wake. Anaweza kukaa na wewe kutwa nzima, ukaondoka umeridhika kwamba mmezungumza sana, kumbe umezungumza wewe.

Mkono ulipona kwa nje. Lakini ngozi iliyoungua ilijikunja ikavivuta vidole vitatu kuelekea kiganjani, vikabaki hivyo, kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kukionyesha. Daktari alisema ngozi ile inaweza kupasuliwa na kupandikizwa nyingine, na vidole vikanyooka, ila si jambo la kungoja. Mwaka ukizidi, viungo vya ndani vitazoea ubaya huo, na hapo hata apasuliwe na nani, havitarudi. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa bei, na hospitali iliyoufanya haikupokea ahadi.

Kampuni, baada ya kuzungushana miezi kumi na moja, ilikubali kulipa ili kesi isifike mbele ya hakimu. Jumla ilikwisha kutajwa na kukubaliwa. Mama Kola akashukuru, akauliza anaweka sahihi wapi.

Wakili wake alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, mwembamba, mwenye kubeba mafaili kifuani kama mtoto mchanga. Akamwambia bado ukurasa mmoja. Jumla imekubaliwa, lakini haijagawanywa. Lazima iandikwe pesa hizi ni za nini na nini, na kila fungu kiasi gani.

"Kwani pesa si pesa, mwanangu?"

"Dukani, mama, pesa ni pesa. Kwa watu wa kodi kila pesa inaulizwa baba yake nani."

Akamweleza taratibu. Fungu linalolipwa badala ya mshahara alioukosa, hilo hukatwa kodi kama mshahara wenyewe ungekatwa. Fungu la mwili kuumia, pamoja na maumivu yaliyotokana na jeraha hilo, halikatwi. Hukupata faida, umefidiwa ulichopoteza, na hata hicho hakijarudi. Riba ya kucheleweshwa, hiyo inakatwa, maana riba ni riba hata ikipitia mlango wa hospitali.

Mama Kola alifikiri kidogo, kisha uso ukafunguka. Kumbe ni kuchambua nguo kabla ya kufua. Nyeupe huku, za rangi huku, sufu peke yake, na kila fungu na joto lake.

"Na ukizichanganya?" wakili akauliza, akitabasamu.

"Zinatoka zote za waridi, na mteja anakupigia makelele wewe."

Wakaelewana. Tatizo ni kwamba wakili alikuwa na kesi mji mwingine kwa siku tatu, na fomu ya maelezo ya mlalamikaji ilitakiwa kupelekwa upande wa pili kabla hajarudi. Kazi hiyo akamwachia karani.

Karani huyo alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kamba, mwandishi mzuri, hati yake unaweza kuitundika ukutani. Kasoro yake moja: akiandika hainui kichwa. Alimkaribisha Mama Kola kwenye kiti, akaanza na umri, makazi, hali ya ndoa. Akauliza ana watoto wangapi. Wawili, mabinti, wote wameolewa. Karani akaandika. Mstari uliofuata chini yake fomu ilisema: Uchungu. Kama upo, mara ngapi, na kwa muda gani.

"Ulipata uchungu?" akauliza karani, macho kwenye karatasi.

Mama Kola aliona swali hilo ni la ndani kidogo kwa mwanamume asiyemjua. Lakini alikuwa ametoka kumtajia watoto, na ofisi za sheria, alikwisha kuambiwa, huuliza mpaka rangi ya godoro.

"Nilipata. Mara mbili."

"Kwa muda gani?"

"Wa kwanza haukunitesa, ulianza asubuhi na adhuhuri umekwisha. Wa pili ndio ulionishika. Siku mbili kamili."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo furaha tu," akasema, na kwa kumkumbuka yule wa pili alivyozaliwa na nywele mpaka masikioni, akacheka.

Karani akaandika kwa hati yake ya kutundikwa ukutani: Uchungu, mara mbili, jumla siku mbili na nusu, baada ya hapo furaha tu. Akageuza karatasi. Mama Kola akaweka sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zake zikienda kama kuku aliyefungwa mguu, akaaga, akaenda zake.

Wakili aliporudi alikuta rasimu ya mgawanyo kutoka kwa kampuni iko mezani. Robo tatu ya jumla ilikuwa imeandikwa mshahara. Iliyobaki ilikuwa riba na gharama, na chini kabisa, kama makombo, kifungu kidogo cha jeraha na maumivu, "kwa kuzingatia maelezo ya mlalamikaji mwenyewe." Kampuni ilipenda hivyo. Neno mshahara halina ubaya, kampuni zote hulipa mshahara. Neno maumivu likikaa kubwa kwenye karatasi, mtu anauliza nani alimuumiza nani.

Wakili akapiga hesabu pembeni. Kodi ikishachukua chake, kilichobaki hakifiki kwenye meza ya upasuaji. Kinaishia mlangoni.

Akamwita Mama Kola, akamsomea maelezo yake. Alipofika kwenye "furaha tu", sauti ikamkatika. Mama Kola alimtazama, akamtazama karani aliyekuwa amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyekaa juu ya keki ya wenyewe, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Wakili naye akashindwa kujizuia. Karani peke yake ndiye hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mkewe aliwahi kumwonya kuwa ipo siku.

Kicheko kikaisha, na hesabu ikabaki pale pale pembeni ya karatasi.

Wakili alisema linarekebishika, ila si kwa kufuta tu, maana karatasi ina sahihi. Alhamisi watakaa mbele ya msuluhishi, na huko kampuni itasema haya ni maneno yake, ameumia siku mbili na nusu. Ili fungu la mwili na maumivu liwe kubwa kama haki yake ilivyo, lazima msuluhishi asikie maumivu yenyewe. Mgawanyo hauandikwi kwa kupenda. Watu wa kodi wakija kuuliza, lazima pawe na ukweli nyuma ya kila fungu.

"Sasa nieleze, mama. Mkono unakuumaje?"

"Unauma kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo tu. Mungu anasaidia."

Wakili alijaribu kwa mlango, akajaribu kwa dirisha. Unaumwa ukiamka? Kidogo. Ukilala je? Nalala vizuri tu. Unalia? Nilie nina miaka mitano? Mwishowe binti aliweka kalamu chini.

"Mama, hiyo kidogo tu yako ndiyo itakayokula vidole vyako. Kama huwezi kusema wewe, niletee anayeishi na wewe."

Mama Kola alirudi nyumbani na maneno hayo kama kokoto kiatuni. Alimkuta wifi yake, dada wa mumewe, muuza mayai, mwanamke mwenye ulimi usio na likizo, ambaye tangu ajali alikuwa akija mara mbili kwa wiki kumfulia na kumsuka. Akamsimulia kisa cha karani. Wifi alicheka akalala chali sakafuni, akasema atakwenda kwa yule karani amtajie na uchungu wake wa watoto wanne, apate kiwanja.

Kisha akakaa sawa, akauliza nani atakwenda kusema.

"Wewe ungekwenda, wifi. Kaka yako atasema nini? Yule hajui kitu. Nimemficha vizuri."

Wifi alimtazama kwa muda. Alifungua mdomo, akaufunga, jambo lililompata kwa nadra sana, akarudi kwenye nywele.

"Mimi ni mtu wa Jumanne na Ijumaa," akasema baadaye. "Anayeishi na wewe ni yeye. Kaa usukwe."

Alhamisi Zipu alifunga kibanda, akavaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Tangu ajali alikuwa hampi tena mkewe shati lake, hata kwa kubembelezwa. Kola ilikuwa imelala ubavu kama mbwa wa mchana. Mama Kola aliiona tangu mlangoni, na njia nzima vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikitamani kuishika. Hakuishika. Alikuwa na hofu nyingine. Alijua mumewe ataulizwa, atanyamaza, na ule unyamavu wake, ambao yeye alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea kiti, utaonekana mbele ya wageni kuwa ni kutojali.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza moja ndefu na feni iliyokohoa kila ikimaliza mzunguko. Msuluhishi alikuwa mwanamke mwenye mvi, mpole, asiyeharakisha mtu. Wakili wa kampuni alikuwa kijana nadhifu, na Mama Kola, kwa mazoea, aliona kuwa suti yake imepigwa pasi ikiwa na unyevu.

Kijana nadhifu alisoma yale maelezo. Aliyasoma bila kucheka, mpaka furaha tu. Wakili wa Mama Kola akaeleza kosa lilivyotokea. Msuluhishi akaweka mkono mdomoni kidogo, naye alikuwa mzazi. Lakini akasema kosa limeeleweka, ila pale pa maumivu bado ni patupu. Akamgeukia Mama Kola, akamuuliza mkono unamuumaje. Mama Kola akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Kidogo, mheshimiwa." Wakili wake akafumba macho.

Ndipo msuluhishi akamgeukia Zipu.

"Mzee, mkeo amewahi kukwambia kwamba mkono unamuuma?"

"Hajawahi."

Kijana wa kampuni aliandika kitu, kalamu yake ikawa na furaha.

"Sasa wewe umekuja kutuambia nini?"

Zipu aliufungua mkoba wake wa ngozi, akatoa karatasi zilizobanwa kwa pini, akazisukuma mezani. Zilikuwa ankara za maji, za miezi kumi na moja kabla ya ajali na kumi na moja baada yake. Msuluhishi akazipitia. Za kwanza zilikuwa zinafanana. Za baadaye zilikuwa zaidi ya mara mbili yake.

"Nyumbani tuko wawili," akasema Zipu. Alikuwa akizungumza na meza. "Huyu mke wangu kazi yake ni maji. Anajua thamani yake. Kikombe anakiosha kwa maji ya kikombe. Tangu aumie, tukimaliza kula anaingia jikoni, anafunga mlango, anafungua bomba mpaka mwisho. Sahani ni mbili. Maji yanakwenda na kwenda."

Kijana wa kampuni akasema, kwa adabu, kwamba maji si maumivu. Pengine bomba lina hitilafu.

"Na mimi nilidhani hivyo. Nikalifungua, nikabadilisha mpira wake. Halikuwa bovu." Feni ikakohoa mara mbili. "Siku moja nikasimama nje ya mlango. Maji yana sauti moja. Mle ndani zilikuwa mbili."

Mama Kola alikuwa ameacha kutazama kola. Alikuwa anamtazama mwenye kola.

Msuluhishi aliuliza, polepole, kwa nini hakuingia akamuuliza.

"Alifungua maji ili nisisikie," akasema Zipu. "Basi nikawa sisikii."

Hakuna aliyeandika kitu. Zipu, kama mtu aliyekwisha kufunguka na sasa hajui pa kusimama, akaendelea. Alisema magauni yake yote ameyatoa vifungo akayatia zipu, na kila zipu akaitia pete, ili aingize kidole kimoja tu avute. Mama Kola alipomuuliza, alimwambia zipu zimemzidi kibandani. Hazikumzidi. Alizinunua. Asubuhi, alisema, mkewe anasimama mbele ya kabati na mkono wa kulia kauweka kwapani kama mtoto wa ndege, anausubiri upoe. Yeye huwa anafunga viatu kwa muda mrefu sana siku hizo. Viatu vyake havina kamba.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga walisema. Mimi nadhani kina ankara pia.

Mama Kola alisikia kifua chake kikifanya kitu ambacho kilikuwa na desturi ya kukifanya jikoni tu, mlango umefungwa. Hapakuwa na bomba mle chumbani. Palikuwa na feni, na feni haitoshi. Alitaka kuinuka atoke. Badala yake mkono wake wa kushoto ukaushika ule wa kulia, ukauweka juu ya meza, wazi, vidole vitatu vimekunjika mbele ya watu wote.

"Unauma," akasema.

Msuluhishi akangoja.

"Asubuhi uko kama nguo iliyokaukia kambani ikakakamaa, lazima niulowanishe kwanza ndipo ukubali. Mchana unawasha kwa ndani, mahali ambapo kucha haifiki. Hivi vitatu ukivichoma sindano havisikii, lakini jioni vinasikia moto usiokuwepo. Kila siku, mheshimiwa. Hakuna siku ulipumzika. Ule uchungu nilioutaja kwa karani ulikuwa na mwisho, na mwisho wake nilipewa mtu nikambeba. Huu nimeuzaa mwaka mzima, sijapewa kitu."

Aliyasema haya yote bila kukunja uso, na machozi yalikuwa yakishuka yenyewe, bila ruhusa yake, yakidondoka kwenye gauni la zipu. Mumewe akatoa kitambaa kile anachofutia nta ya uzi. Kilikuwa kichafu. Mama Kola akakipokea, akajifuta nacho.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Msuluhishi aliusukuma ukurasa wa mgawanyo katikati ya meza, akasema anawasikiliza. Kijana nadhifu alitoka nje kupiga simu, akarudi bila ule ugumu wa mwanzo. Jeraha, upasuaji ujao na maumivu vikapandishwa juu, vikawa sehemu kubwa ya jumla. Wakili wa Mama Kola, damu ikiwa imemchemka, akataka fungu la mshahara lipunguzwe mpaka libaki kama kivuli.

Mama Kola ndiye aliyemzuia.

"Hapana, mwanangu. Miezi kumi na moja sikwenda kazini. Huo ni mshahara wangu, na mshahara wangu siku zote ulikatwa kodi. Andika miezi kumi na moja."

"Mama, tukiandika michache..."

"Nyeupe ni nyeupe. Nimetoka kusema ukweli sasa hivi, tena umenigharimu. Usiniharibie na uongo mdogo."

Msuluhishi aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kalamu iliyoanguka. Wakaandika miezi kumi na moja, kwa kiwango chake halisi, si senti zaidi, si senti pungufu. Karani aliyekuwa nyuma alisoma kila mstari kwa sauti, akiinua kichwa baada ya kila neno kuhakikisha limeeleweka, mpaka ikawa kero. Hesabu ya wakili ikapigwa upya. Kodi ilichukua chake kwenye mshahara na riba, ikaondoka kwa amani. Kilichobaki kilifika mezani pa daktari, kikabakiza na cha kukaa kitandani wiki sita.

Walitembea kurudi nyumbani bila kuzungumza, maana Zipu alikuwa ametumia maneno ya mwaka mzima. Njiani Mama Kola alisimama, akamgeuza kwa bega, akailaza kola yake kwa mkono wa kushoto, ikakataa, akaiacha. Kisha akamuuliza ni siku gani ile aliyosimama nje ya mlango. Akasema mwezi wa pili. Mwezi wa pili baada ya ajali? Ndiyo. Akahesabu kimoyomoyo miezi tisa ambayo watu wawili walikuwa wanafichana kitu kimoja katika nyumba ya vyumba viwili.

"Una roho ngumu wewe," akamwambia.

"Mwenyewe," akajibu.

Wifi alipopewa habari alisema yeye alijua siku nyingi, kwa sababu kaka yake ndiye aliyemwomba aje Jumanne na Ijumaa, na alimwapisha asiseme. Akaongeza kwamba kuapishwa vile kumempunguza kilo mbili.

Wiki ya tatu waliingia hospitalini. Muuguzi alikuja na ubao wake wa kuandikia, msichana mchangamfu, akamkalisha Mama Kola kwenye kitanda chenye shuka iliyonyooshwa ovyo, akamwambia kabla hawajampeleka ndani anataka kujua kitu kimoja. Kutoka sifuri mpaka kumi, sifuri ni hakuna na kumi ni yasiyovumilika, maumivu yako sasa hivi ni ngapi?

Mdomo wa Mama Kola ukaanza kujipanga. Ulikuwa na miaka hamsini ya mazoezi.

"Mbi..." akaanza.

Zipu alikuwa kwenye benchi, mikono magotini, anatazama dirisha. Hakusema neno. Hakugeuka hata kidogo.

"Saba," akasema Mama Kola.

Muuguzi akaandika saba.

"Ngoja," akasema, na akaunyanyua ule mkono, akausikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. "Andika nane. Asubuhi hii ni nane."

Muuguzi akafuta, akaandika nane, akasema vizuri, sasa tunajua tuanzie wapi. Wakaja na kitanda cha magurudumu. Zipu akainuka, akauliza kama anaweza kwenda naye mpaka mlango wa pili, akaambiwa mpaka wa kwanza tu. Basi akatembea kando ya kitanda mpaka wa kwanza, ameshika ukingo wake, na mkewe, akiwa amelala, akawa anamweleza kwa kirefu kila panapouma.